Chungu cha Bi Tatu na Simu ya Maryamu

Mimi naitwa Mwanaisha, nauza vitumbua hapa Masuguru, Korogwe mjini, na mtu yeyote atakayewaambia kwamba Bi Tatu alitoa siri za wanawake, mleteni kwangu. Mleteni asubuhi, mafuta yakiwa yanachemka. Sitanii. Nina hasira za karibu, najijua, marehemu mama alikuwa akisema nitazikwa nazo. Lakini kwa hili nina haki yangu.

Bi Tatu ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Akikohoa nasikia, akisali nasikia, akiongea na paka nasikia. Masikio yangu mimi yana matatizo, hayaachi kitu kipite, na mtaa mzima unanijua hivyo. Kuna wanaoniita redio. Basi iaminini hiyo redio: miaka yote niliyokaa upande huu wa ukuta sijamsikia mama yule akichukua neno la huyu akalipeleka kwa yule. Na nimesikiliza sana, Mungu anajua.

Alizaliwa Sindeni, kule Handeni, kwenye mashamba ya mahindi na mbaazi. Mzigua wa kuzaliwa na kukulia. Bibi yake alikuwa kungwi, naye akaipata kazi hiyo kwa kukaa karibu na bibi, kimya, akiangalia. Akaolewa huku Korogwe na kibarua wa mashamba ya katani. Mume akafariki, watoto wakaenda kutafuta maisha, yeye akabaki na ukili wake wa kusukia mikeka na kazi yake ya kufunda wali. Msichana wa hapa akikaribia kuolewa, mama yake alikuwa hasumbuki kuuliza amfuate nani. Anakuja kwa Bi Tatu.

Na kufundwa na Bi Tatu hakuishi harusi ikiisha. Akishakuwa somo yako, ndiyo imetoka hiyo, mpaka mmoja wenu aingie kaburini. Umegombana na mume, unakwenda kwa somo. Una ugonjwa wa kuonea haya, unakwenda kwa somo. Humwambii mama yako mzazi, humwambii dada, unamwambia yeye, halafu unarudi nyumbani kwako kifua kimekuwa chepesi.

Ana utaratibu wake. Hasikilizi neno mpaka viatu vimeachwa nje, watoto wamefukuzwa, mlango umefungwa na pazia limeshushwa. Kuku wanatolewa. Kuku, jamani! Nilimuuliza siku moja, Bi Tatu, kuku atamwambia nani? Akasema, "Sitaki kitu chenye macho humu ndani." Yakishakamilika hayo ndipo anakaa kwenye mkeka, ananyoosha mguu wake mbovu, anasema, "Haya, mwanangu."

Halafu kuna chungu. Haya ya chungu nayasema kwa ruhusa yake, kanipa mwenyewe baada ya yote kutokea, maana sasa hata wanaume wanayajua. Pembeni ya chumba chake kuna chungu cheusi cha zamani, mdomo wake umemeguka kidogo. Mwali akimaliza kufundwa, somo la mwisho linakuwa hapo. Anamwambia: siku nitakapokuwa sipo, na neno limekukaa kifuani, usimpelekee jirani. (Akifika hapo sauti inapanda kidogo, na ukuta wenyewe ndio huu wangu.) Nenda jikoni kwako. Chukua chungu, huna chungu chukua sufuria. Inama, lisemee neno lote humo ndani, funika. Kisha injika, upike. Wanawake wengi wa mtaa huu wameinamia masufuria yao hivyo, na waume wao wakala ugali bila kujua kitu.

Sasa Maryamu. Mtoto mpole, mwembamba, mama yake amezikwa Mazinde na kaka yake yuko huko huko. Bi Tatu alimfunda, akamtoa, akaolewa na Awadhi. Awadhi ana biashara ya mboga pale Mombo. Kabichi na karoti zinashuka kutoka Lushoto, yeye anazipokea na kuzipakia kwenye malori. Wiki nzima analala huko huko, anarudi nyumbani mwisho wa wiki. Kijana nadhifu, sauti ya chini, hapiti mlangoni kwangu bila "Shikamoo, mama." Nilikuwa nampenda. Nasema kweli, nilikuwa nampenda.

Idd akamletea mkewe simu. Si hivi vitochi vyetu, simu ya kugusa, kioo kipana, kifuniko chenye maua. Tulijaa pale kwake kama tumeitwa kwenye maulidi. Kila mtu anataka kuishika. Awadhi kasimama mlangoni anatabasamu, anamwambia mkewe mbele yetu, "Usiizime. Wala usiiache nyumbani, popote uendapo nenda nayo, nikikupigia nikupate." Tukapiga vigelegele! Evodia wa nyumba ya tatu, anayeshona nguo barazani kwake, alikwenda kumgombeza mumewe mchana ule ule kwamba hajui kupenda, akamtazame Awadhi. Wajinga sisi.

Maryamu akaanza kwenda nayo kila mahali. Kwa somo wake pia. Viatu nje, watoto nje, kuku nje, mlango tap! Simu ndani, juu ya mkeka, imelala chali katikati yao. Bi Tatu hakuiona kuwa ni kitu. Yeye ana kitochi cha kupokelea salamu za wanawe, na kwa akili yake simu ni kitu cha kulala kimya mpaka mtu aipige. Nani angemlaumu? Hata mimi niliyesoma mpaka darasa la saba na kuangalia tamthilia zote, halikunijia.

Siku moja Maryamu akaja kwa somo wake, akafungiwa. Alikuwa na watoto wawili waliofuatana sana, mdogo bado ananyonya, na Awadhi anataka wa tatu haraka. Maryamu akamwambia somo kwamba amekwenda kliniki, amechomwa sindano ya kupumzisha uzazi, na mume hajui. Bi Tatu akamwambia, "Umefanya vizuri kupumzika, lakini mume umwambie mwenyewe, taratibu, akiwa ameshiba." Hayo ndiyo maneno. Nayajua sasa kwa sababu yalikuja kusemwa barazani mbele ya watu. Siku ile nilikuwa nakaanga, mafuta yalikuwa yanapiga kelele.

Jua halijazama, Awadhi akampigia mkewe kutoka Mombo. Hakufoka. Aliuliza habari za watoto, akauliza wamekula nini, kisha kwa sauti ile ile ya chini akasema, "Hivi hiyo sindano inakaa mwilini muda gani?"

Nilimwona Maryamu akija mbio uani kwetu, mtoto mgongoni anaruka ruka, kanga inaburuzika. Alisimama pale kwenye kamba ya nguo akapiga kelele, "Somo, umeniuza! Wewe nakuita mama, umeniuza!" Bi Tatu akatoka, anachechemea, hajui hata anashitakiwa nini. Akasema, "Mwanangu, tangu uondoke sijatoka humu ndani hata kwenda chooni." Maryamu akalia kilio cha msiba. Mimi huyo, nikatoka na mwiko wangu, nikamwuliza ana adabu gani ya kumpigia kelele mtu mzima. Akanijibu. Nikamjibu. Ilibaki kidogo tushikane, Evodia ndiye aliyeingia kati.

Mtaa ukalichukua neno. Ndani ya siku chache hakuna asiyejua kwamba Bi Tatu anapeleka maneno kwa waume za watu. Wengine, waliomwonea huruma, wakaja na lao: eti Awadhi amekwenda kwa mganga kule Handeni, amepewa kioo, akikiangalia anamwona mkewe. Na ukimtazama Maryamu ungeamini. Awadhi alijua kila kitu. Anapiga simu anasema bamia ulizonunua leo zilikuwa ghali. Anasema ulisimama sana bombani, na yule mwanamume aliyekusalimia ni nani? Maryamu akafukiza ubani nyumba nzima mpaka mtoto akakohoa. Akatoa kitanda kwenye ukuta akakiweka katikati ya chumba. Haikusaidia.

Akawa hakai. Anakaa kwenye kigoda, anasimama. Anaanza kufua, anaacha nguo kwenye povu, anakwenda kuchungulia nyuma ya nyumba. Unaongea naye, anatazama darini. Simu nayo ilikuwa inapata moto mfukoni bila kupigwa, chaji inaisha kabla ya adhuhuri, na bando anaweka leo, kesho halipo. Akamwambia mumewe simu ina ubovu. Awadhi akasema ni chaja hiyo, akamletea mpya. Mtoto wa watu akashukuru.

Na upande wa pili wa ukuta wangu, Bi Tatu alikuwa anakwisha. Mama mmoja aliyekuwa ameahidi kumleta binti yake akampeleka kwa kungwi mwingine, hata kuja kuaga hakuja. Wanawake wakawa wanapita mbali na mlango. Nilikuwa nikimsikia usiku na mchana akisuka ukili, kisha anafumua, kisha anasuka pale pale alipofumua. Hakuna mkeka uliokuwa unaongezeka. Iliniudhi mpaka nikaingia bila hodi.

"Bi Tatu, jitetee! Nenda kwa Mzee Mhina, ita watu, sema!"

"Niseme nini, Mwanaisha?"

"Sema hukusema!"

Akaweka ukili chini. "Wataniuliza, hukusema nini? Nikilitaja neno nililoambiwa na yule mtoto, si ndiyo nimelisema?"

Nikarudi kwenye karai langu, nikaunguza vitumbua vyote vya siku ile kwa hasira. Maana ilikuwa kweli. Mtu mwingine akisingiziwa anafungua mdomo. Yeye kitu pekee alichokuwa nacho maishani ni mdomo uliofungwa, na hicho ndicho walichokuwa wanamnyang'anya, na hakuna namna ya kukigombania.

Ndipo kaka yake Bi Tatu akafariki huko Sindeni. Jumatano tulimsindikiza, Mzee Mhina mwenyewe ambaye ni mkubwa wa mtaa wetu alipanda naye gari, na baadhi yetu pia. Mimi nilirudi jioni hiyo hiyo kwa sababu ya biashara. Mazishi yalikuwa Alhamisi asubuhi, na Bi Tatu alibaki kwenye matanga mpaka mwisho. Maryamu hakwenda. Nilimwona siku hiyo ya Alhamisi akiingia jikoni kwake, mtoto kampakata, simu kaichomeka kwenye mkunjo wa kanga kifuani, kama kawaida.

Jumapili Awadhi akaenda kumlalamikia Mzee Mhina, akaambiwa Bi Tatu yuko matangani, wala hakuuliza tangu lini. Kikao kikapangwa baada ya alasiri siku atakayorudi Bi Tatu. Hata mavumbi ya safari hakuyaoga vizuri, maskini, akaitwa barazani na mashtaka. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi, sisi wanawake tumekaa chini kwenye mikeka na wengine wamesimama uani. Karibu wote ni wali wake, amewafunda kwa mkono wake. Hakuna aliyemsogelea. Mimi nikaenda nikakaa naye bega kwa bega, nikawatazama mmoja mmoja.

Kilichokuwa kinatafutwa pale kila mtu alikijua. Awadhi alitaka Bi Tatu apigwe marufuku kufunda mtoto yeyote mtaani. Angekubaliwa, mama yule angebaki kuwa kikongwe mwenye mguu mbovu tu, na jina la mmbea juu yake mpaka anakufa.

Awadhi akasimama. Akasalimia wazee vizuri, shikamoo kwa kila mmoja. Akaanza na ya sindano, akayasema hadharani, mke wake ameinamisha kichwa pale mbele ya wanaume wote wa mtaa. Kisha akasema, "Wazee wangu, huyu bibi anavunja nyumba yangu. Mke wangu bado anamwendea kwa siri, na huyu ndiye anayempangia kutoroka. Alhamisi hii iliyopita, asubuhi, mke wangu amemwambia: 'Mahindi yakishavunwa nawachukua watoto naenda kwa kaka Mazinde. Simwambii mtu. Nimechoka kuogopa mpaka ndotoni.' Maneno hayo hayo. Abishe kama ni uongo!"

Maryamu akainua uso.

Mzee Mhina ni mtu wa polepole. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Alhamisi ipi, mwanangu?"

"Hii iliyopita, mzee."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ya Alhamisi Bi Tatu alikuwa Sindeni. Mimi nilikuwa naye. Tulikuwa tunamzika kaka yake."

Awadhi akasema haraka, "Basi alimwambia kwa simu."

"Sikumpigia mtu!" Maryamu alisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Somo sijasema naye tangu siku ile niliyomtukana uani. Nilikuwa jikoni peke yangu." Akatutazama sisi wanawake. "Nilikiambia chungu."

Mwanamume mmoja nyuma akacheka. Wanaume wengine wakatabasamu, wakadhani mtoto wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Lakini upande wetu, jamani, upande wetu hakuna aliyecheka. Kila mwanamke aliyepita mikononi mwa Bi Tatu alijua maana yake. Maneno ya chungu hayana msikilizaji. Somo hayasikii, jirani hayasikii, hata mimi siyasikii, maana yananong'onwa humo ndani na kufunikwa. Nikaona vichwa vinamgeukia Awadhi, kimoja baada ya kingine.

Bi Tatu, ambaye tangu kikao kianze hajafungua mdomo, akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu Awadhi, chungu kilikuambia lini?"

Macho yalimponyoka Awadhi. Kidogo tu, yakaenda kifuani kwa mkewe, kwenye mkunjo wa kanga, yakarudi haraka. Maryamu akaona. Akaichomoa ile simu taratibu, kama mtu aliyekuta tandu kwenye nguo, akaiweka chini kwenye mkeka, akasogea nyuma.

"Ni hii?" akauliza. "Awadhi, ni hii?"

Nilitegemea aombe radhi. Wapi! Akanyoosha mgongo. "Simu nimenunua mimi, kwa jasho langu. Mke ni wangu. Kuna ubaya gani mtu kujua kinachosemwa nyumbani kwake?" Ndipo yakamtoka. Kuna fundi alimwekea kitu humo ndani, hakina picha wala jina, hata ukikitafuta siku nzima hukioni. Kinamwonyesha mkewe yuko wapi, kinampa na ujumbe anaoandika, na akitaka kinamsikilizisha chumba kizima hata kama hakuna aliyepiga simu. Yuko Mombo anapakia kabichi, nyaya masikioni, watu wanadhani anasikiliza muziki, kumbe anasikiliza jiko lake.

Wako waliotikisa vichwa kwa masikitiko. Wako pia, nimewaona kwa macho yangu, waliotikisa vichwa kwa kukubali. Na kijana mmoja alichukua simu yake iliyokuwa gotini akaitia mfukoni haraka haraka. Mke wake alikuwa amekaa karibu nami. Na yeye alimwona.

Mzee Mhina akauliza, "Tangu lini, Awadhi?"

"Tangu Idd."

Sasa hapo ndipo palipowaka. Evodia, aliyekuwa amesimama uani, akauliza polepole, "Maryamu, ile siku ya kumfunda binti wa Mzee Mdoe, tulipojaa wote kwa Bi Tatu. Hiyo simu ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, dada. Ilikuwa kwenye mkeka."

Evodia akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Ukiangalia uso wake unaona anarudi nyuma, anatafuta alisema nini siku ile. Mwingine akashika mdomo. Mwingine akajifunika kanga usoni. Baraza zima la wanawake likawa linatafuta maneno yake, na hakuna aliyeweza kukaa akatulia. Na mimi! Siku ile nilichekesha watu, nilisimulia mambo ya mume wangu Mustafa ambayo hata Mustafa mwenyewe hayajui. Na huyu kijana amepita mlangoni kwangu muda wote huu, "Shikamoo, mama," na mimi namjibu "Marahaba, baba," kumbe anayo yote masikioni. Nilisikia damu imenipanda mpaka kwenye nywele. Nilitaka kumrukia. Bi Tatu ndiye aliyenishika mkono, akanikandamiza chini.

"Wanangu wote hao," akamwambia Awadhi. "Walivua viatu, wakatoa watoto wao wenyewe nje, wakaniamini. Wewe nilikukabidhi yupi kati yao, na nani alikuruhusu?"

Awadhi akaanza kulia. Alisema anaogopa, mke mzuri, yeye yuko mbali, watu wa Mombo wanamtia maneno, alitaka tu alale usingizi. Sikumhurumia. Haya, nilimhurumia, kidogo sana, na nikajikasirikia kwa hicho kidogo.

Mzee Mhina akasema Bi Tatu hana kosa, aliyemchafua amwombe radhi, na kile kitu kitolewe kwenye simu. Maryamu hakungoja kikao kifungwe. Aliisukuma simu kwenye mkeka mpaka miguuni kwa mumewe.

"Chukua. Ukitaka kujua niko wapi, niko Mazinde kwa kaka. Nakuambia mwenyewe, mbele ya wazee." Akawabeba watoto, akaondoka jioni ile ile. Mahindi akayaacha shambani.

Wanawake wakarudi kwa Bi Tatu, wamebeba sukari, wamebeba kuku. Yeye akawapokea, hakumsema mtu. Niliwasema mimi kwa niaba yake, na nilianza na yule mama aliyempeleka binti yake kwingine. Lakini mtaa ulikuwa haujatulia, mpaka leo haujatulia. Mtu akikupigia anaanza kwa kuuliza uko na nani. Wanawake wanashika simu zao wanazigusa kama ni moto. Mimi simu yangu kaninunulia Mustafa. Nikamkalia kooni, nikamwuliza kama na yeye kaweka mdudu humo. Akacheka mpaka akakohoa. "Nikusikilize tena, Mwanaisha? Mbona nakusikia bure kila siku?" Nilimnunia, lakini usiku nililala vizuri.

Bi Tatu sasa ameongeza beseni mlangoni. Viatu, watoto, kuku, na simu zote ndani ya beseni, hata kitochi, linafunikwa kanga. Mlinzi wa beseni ni mimi. Bi Tatu kanichagua mwenyewe, na watu walicheka sana.

Mahindi yalipokwisha vunwa, Maryamu akaja kutoka Mazinde. Alipiga magoti mlangoni, Bi Tatu akamwinua kabla hajasema kitu. Alikuwa na kitochi cha kaka yake. Akakizima, akakitia kwenye beseni, akarudi akahakikisha kimezimika. Wakaingia. Nikakaa na kigoda changu nje, masikio yangu kama mnavyoyajua.

"Huko Mazinde mvua zimenyesha," nikamsikia Maryamu akisema.

"Alhamdulillahi."

"Watoto hawajambo."

"Alhamdulillahi, mwanangu."

Nikamsikia anainuka, anakwenda dirishani, anarudi. Anainua mkeka, anaulaza. Mlango umefungwa, pazia limeshuka, hakuna hata nzi, na mtoto yule hawezi kusema. Alikuja safari nzima na neno lake, na hawezi kulitoa. Nilijikuta nalia pale nje kama mjinga, nafuta machozi kwa kanga iliyofunika beseni.

Kisha nikasikia chungu kinaburuzwa sakafuni, polepole, na mguu ule mbovu ukichechemea nyuma yake. Mfuniko ukatolewa. Mlango ukafunguka, Bi Tatu akatoka peke yake, akaurudisha nyuma yake. Yeye, somo. Akasimama akinitazama, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwanaisha," akasema, "simama, tusogee."

Nikabeba beseni, nikabeba na kigoda. Tukaenda mbali, mpaka nyuma ya mchungwa wa Evodia, tukakaa mahali ambapo hata mimi sisikii kitu.